Spea za injini ya kempa kuukuu: kutoka dalili hadi namba sahihi

Kempa, yaani gari lililojengewa nyumba ya kulala safarini, ina watengenezaji wawili. Mmoja alitengeneza chesisi, injini na giaboksi. Wa pili akaja akajenga nyumba juu yake: kitanda, jiko, tangi la maji, paa la kuinuka. Jina lililoandikwa ubavuni mara nyingi ni la huyu wa pili, na ndilo mwenye gari analolitaja dukani. Muuza spea halijui, wala hana haja nalo. Spea ya injini hutafutwa kwa jina la injini, na watu wengi hupoteza wiki nzima kwa kutolijua.

Hapa natumia mfano mmoja: Toyota Hiace ya dizeli yenye injini ya familia ya L, hasa umbo la H100 lililotoka Japani mwaka 1989 na kuachiwa njia na H200 mwaka 2004. Zipo zilizogeuzwa kempa huko huko Japani, na zipo zilizostaafu kubeba abiria zikakatwa paa na kuwekewa kitanda hapa nyumbani. Mwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ atakuta mengi yanamhusu. Mwenye kempa ya Ulaya nimemwekea neno lake mbele kidogo.

Nimechanganya makusudi dalili za injini na dalili za utafutaji. Kifaa kisichopatikana nacho ni dalili, na kina sababu zake.

KILA DUKA LINASEMA HAIPO

Kabla ya kuamini kwamba kifaa kimekwisha duniani, angalia ulivyouliza. Simama Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, sema "nipe gasketi ya Hiace", utaulizwa: "Ya injini gani, bosi?" Ukijibu "Hiace ya zamani", atakupa anachodhani au atasema hana, kwani wateja wamejipanga nyuma yako na hana muda wa kubahatisha.

Umbo lile limefungwa injini nyingi. Kuna dizeli 2L ya cc 2,446, 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986. Kuna 1KZ-TE yenye turbo. Kuna petroli, 1RZ na 2RZ. Hizo tatu za kwanza zinafanana sura kiasi kwamba ukizitazama kwa juu, kiti kikiwa kimeinuliwa, huwezi kuapa ipi ni ipi. Lakini pistoni ya 2L ina kipenyo cha milimita 92, ya 3L ni 96 na ya 5L ni 99.5. Gasketi ya moja haifai kwa nyingine, hata kama matundu ya boliti yanakaribia kulingana.

Anza na sahani ya chuma ya mtengenezaji. Soma mstari wa modeli: herufi H ndiyo Hiace, na kilichoitangulia ndicho familia ya injini. LH ni dizeli ya L, KZH ni 1KZ-TE, RZH ni petroli ya RZ. Hilo linakupa gari lilivyotoka kiwandani, basi. Gari lenye umri wa miaka 30 katika barabara zetu huenda limeshabadilishwa injini mara moja au zaidi kwa injini ya mtumba kutoka Japani au Dubai, na aliyelibadilisha hakuandika popote.

Kwa hiyo soma bloku yenyewe, yaani mwili wa chuma wenye silinda. Chukua brashi ya waya na kitambaa chenye dizeli, safisha ubavu wa bloku mpaka uone sehemu iliyosawazishwa yenye namba iliyogongwa. Namba hiyo hutanguliwa na jina la injini: 3L, halafu tarakimu. Piga picha. Kempa nyingi za kienyeji zimefunikwa sakafu kwa mbao zilizogongwa misumari juu ya mfuniko wa injini, na seremala hakufikiria fundi. Kama yako ni hivyo, kata mlango wa mfuniko leo, ukiwa nyumbani, kabla hujalazimika kuzing'oa mbao hizo kwa nyundo kando ya barabara.

Sahani ikisema 2L na bloku ikasema 3L, amini bloku kwa vitu vya ndani: pistoni, ringi, bering, gasketi, silinda hedi (kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku). Kwa vitu vya nje usiamini chochote. Fundi aliyebadilisha injini mara nyingi huhamisha altaneta, stata, manifoldi na hata pampu ya dizeli kutoka injini iliyokufa, kwa sababu nyaya na mabomba ya gari lile yalikwisha zizoea. Kila kimoja kina kibandiko au namba yake. Isome hiyo.

NAMBA YA CHESISI INAKATALIWA

Unaingiza namba ya chesisi kwenye katalogi ya mtandaoni, inajibu kwamba haipo au inadai tarakimu 17. Gari halijaibiwa. Magari yaliyouzwa ndani ya Japani hayatumii namba ya tarakimu 17. Yanatumia namba fupi, herufi za modeli kisha mstari mdogo kisha tarakimu, kwa mfano LH113 halafu namba ya mfuatano. Katalogi iliyofunguliwa upande wa Ulaya au "nchi nyingine" haitaitambua. Badilisha eneo la soko liwe Japani, weka sehemu ya modeli mahali pake na namba mahali pake, itafunguka.

Kinyume chake pia hutokea. Hiace iliyouzwa mpya na wakala wa Afrika Mashariki ilitengenezwa kwa soko la jumla, na kuitafuta kwenye katalogi ya Japani kutakupa gari jingine linalofanana nayo. Vichujio na pampu za maji vitalingana, mfumo wa plagi za hita (zinazopasha mwako joto kabla ya kuwasha) huenda usilingane.

NAMBA UNAYO, LAKINI HAITENGENEZWI TENA

Hapa inafaa kujua namba ya Toyota inavyosomeka, kwa sababu ukiielewa unaweza kutafuta hata pale muuzaji alipokata tamaa. Ina sehemu mbili za tarakimu tano tano. Sehemu ya kwanza ni aina ya kifaa: 11101 ni silinda hedi, 11115 ni gasketi yake, 13011 ni seti ya ringi, 13568 ni mkanda wa taimingi, 16100 ni pampu ya maji, 19850 ni plagi ya hita, 22100 ni pampu ya dizeli, 27060 ni altaneta, 28100 ni stata. Sehemu ya pili inaeleza ni ya injini ipi na ni toleo la ngapi. Kwa vitu vikubwa vya familia ya L utakutana sana na 54 mwanzoni mwa sehemu hiyo, na kwa 1HZ utakutana na 17.

Tarakimu za mwisho ndizo zinazobadilika kiwanda kinaporekebisha kifaa. Namba ya zamani inafutwa, mpya inachukua nafasi, na duka lisilofuatilia litakwambia kimekwisha. Muulize hivi: "Namba hii imerithiwa na ipi?" Wakala mwenye mfumo wa Toyota ataiona papo hapo. Maduka ya mtandaoni ya Falme za Kiarabu na Japani nayo huonyesha namba iliyorithi unapoandika ile ya kale.

Ikiwa kweli imefutwa bila mrithi, tafuta ndugu wa injini. Familia ya L haikufungwa kwenye Hiace peke yake. Iko kwenye Hilux, ambazo modeli zake huanza na LN, kwenye Dyna na kwenye Prado za mwanzo. Ndiyo maana pistoni ya 3L unaipata hadi mjini Singida au Kisii: ni pistoni ya Hilux. Mipaka ya udugu huu ni sampu (bakuli la oili chini ya injini), manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi) na mikono inayoshikilia injini, kwa sababu Hiace injini iko chini ya kiti na Hilux iko mbele. Vitu vya ndani azima, vya nje pima.

Mwenye kempa ya Ulaya atumie akili hiyo hiyo. Fiat Ducato ya miaka ya 1980, Peugeot J5 na Citroën C25 ni gari moja lenye majina matatu, lakini injini zake hutofautiana. Ile Ducato ya dizeli ya lita 2.5 inatumia injini ya Sofim ya familia 8140, ambayo ndiyo ya Iveco Daily, kwa hiyo nenda kwa wauza spea za malori madogo badala ya kuhangaika na duka la kempa. Mercedes 207D na 307D zina OM616, injini ya Mercedes 240D iliyobeba teksi nusu ya dunia.

IMEKUJA, LAKINI HAIKAI

Hili linauma kuliko kukosa, kwa sababu pesa imeshatoka na injini imeshafunguliwa. Kwa familia ya L kuna mitego minne ninayoiona ikirudi.

Wa kwanza ni 2L yenyewe. Iko ya kabla ya mabadiliko ya mwaka 1988 na iko ya baadaye, zote zinaitwa 2L na zote zina cc 2,446. Ya kale ina mikono ya kusukuma valvu; ya baadaye kemshafti inakandamiza valvu moja kwa moja kupitia vikombe. Silinda hedi, kemshafti na mkanda wa taimingi havibadilishani. Ukiagiza "silinda hedi ya 2L" bila kufungua mfuniko wa valvu na kupiga picha ya kilichomo, umebahatisha.

Wa pili ni altaneta. Kwenye dizeli hizi mara nyingi pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya altaneta, na vakyumu hiyo ndiyo inayosaidia breki. Mtu huuziwa altaneta ya umeme mzuri kabisa isiyo na pampu hiyo, fundi umeme anaifunga, taa ya chaji inazimika, wote wanafurahi. Kisha pedeli ya breki inakuwa ngumu kama jiwe kwenye gari lenye tani mbili na ushei. Tazama nyuma ya altaneta yako kabla ya kutoka nyumbani. Kama kuna mipira minene na bomba la oili, mpya lazima iwe nayo.

Wa tatu ni gasketi ya silinda hedi, na hapa mafundi wengi wazuri hawajui. Gasketi za familia ya L hutoka kwa unene wa aina tatu zenye alama B, D na F. Unene huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyojitokeza juu ya uso wa bloku ikiwa imefika kileleni. Ikiwa bloku na pistoni hazijaguswa, rudisha alama ile ile iliyokuwapo: isome kwenye gasketi ya zamani kabla hujaitupa. Ikiwa bloku imesagwa au pistoni ni mpya, lazima ipimwe kwa saa ya kupimia. Ukiweka nyembamba palipotaka nene, pistoni inakaribia mno. Ukiweka nene palipotaka nyembamba, mgandamizo unashuka na asubuhi ya Njombe gari haliwaki.

Wa nne ni bering na ringi. Injini iliyowahi kufanyiwa ovahoo huenda krenki imesagwa 0.25 au 0.50, na silinda zimetobolewa kwa pistoni kubwa zaidi. Saizi imegongwa nyuma ya bering ya zamani na juu ya kichwa cha pistoni. Agizo la bering lisitumwe kabla injini haijafunguliwa na kusomwa. Najua fundi atakwambia "leta standadi, tutaona". Akitaka kuona, aone kwanza.

INACHEMSHA MLIMANI

Hiace iliyobeba nyumba haipumziki. Basi dogo hushusha abiria. Kempa inapanda Kitonga au inateremka na kupanda tena Mai Mahiu ikiwa na maji, gesi, betri ya pili na godoro lile lile. Kwa hiyo kuchemsha ndiyo dalili nitakayoikalia zaidi, na ndiyo inayonunulisha watu spea wasizozihitaji.

Usinunue silinda hedi kwanza. Wala gasketi. Anza na kilicho rahisi kuliko vyote, mfuniko wa rejeta. Pale Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, maji yasiyo na shinikizo yanachemka karibu na nyuzi 94. Mfuniko unaoshika shinikizo vizuri unakipandisha kiwango hicho kupita 110. Mpira wake ukikakamaa, injini nzima kabisa itatoa mvuke. Shinikizo lake limeandikwa juu yake. Nunua wenye maandishi yale yale.

Halafu feni. Injini ikiwa imezimwa na ina joto, zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kukataa kidogo. Ikizunguka huru kama kitu kisichofungwa popote, mafuta ya silikoni ndani ya klachi yake yamevuja, na mlimani haivuti hewa. Kinachouzwa hapa ni klachi ya feni, si feni.

Kisha rejeta: nje kwa matope na wadudu, ndani kwa kutu. Angalia pia aliyejenga nyumba hakuweka bamba au boksi linaloziba njia ya hewa.

Sasa thermostati, valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Ukifungua na kukuta haipo, umeshapata sehemu ya tatizo. Huku kwetu imezoeleka kuiondoa "gari lipoe". Kwenye injini hizi thermostati ina valvu ya pili upande wa chini inayoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Toyota wenyewe wanaonya kwenye vitabu vyao vya ufundi isiondolewe hata kama injini inachemsha. Nyuzi za kufunguka zimegongwa juu yake. Ijaribu kwenye sufuria ya maji na kipimajoto kabla ya kuilaumu. Unaponunua, hakikisha ina hicho kisahani cha chini. Zipo zinazouzwa bila hicho, na bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo ushuku gasketi au ufa. Mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, maji yanayopungua bila kuonekana yanakovujia, moshi mweupe unaobaki hata injini ikishapata joto: hizo ni gesi za mwako zikiingia kwenye maji, au maji yakiingia kwenye mwako. Kuna kipimo cha kimiminika cha bluu kinachogeuka rangi kikigusa gesi hizo, kijani kwa dizeli na njano kwa petroli. Fundi asiye nacho anaweza kukosea, mwenye nacho hana la kubishana.

Silinda hedi ikishatolewa, ipeleke ikatiwe presha ya kupima nyufa kabla hujaagiza chochote. Za 2L zinajulikana kwa nyufa kati ya valvu. Ikiwa imepasuka, mpya isiyo ya Toyota ni chaguo la heshima. AMC ya Hispania wamezitengeneza hizi kwa miaka mingi. Uliza kama inakuja tupu au na valvu, springi na kemshafti, na kama chemba ndogo za mwako zimo. Tofauti ya bei kati ya maduka mawili mara nyingi ni hiyo tu.

ASUBUHI HAIWAKI, MCHANA INAWAKA

Betri kwanza, kwani dizeli isiyozungushwa kwa kasi haiwaki hata ikiwa mpya. Halafu plagi za hita. Zing'oe, zipime kwa mita moja moja. Iliyokatika haipitishi umeme kabisa.

Tatizo la kuzinunua ni volti. Kuna plagi za volti 6 na kuna za volti 11 au 12 zenye uzi na urefu unaokaribiana. Mfumo wa kiwandani wa plagi za volti 6 huzipa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha huupunguza. Fundi umeme akishafunga swichi ya kubonyeza kwa kidole, kama zilivyo nyingi, upunguzaji huo haupo tena. Plagi za volti 6 zinavimba ncha, zinagoma kutoka, na ncha ikikatika inaangukia ndani ya mwako. Kwa hiyo: ukiwa na swichi ya kidole, nunua za volti 11 au 12, au rudisha mfumo wa asili. Volti imeandikwa ubavuni mwa plagi. Na Land Cruiser za soko la Japani za miaka ile zingine zina stata ya volti 24 huku taa ni 12, kwa hiyo usiulize volti kwa kutazama taa.

Plagi nzima, betri nzima, lakini inazungushwa muda mrefu na haitoi moshi wowote? Hakuna dizeli inayofika. Hewa imeingia usiku na dizeli imerudi tangini. Funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu, utaona mapovu. Mkosaji mara nyingi ni pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli, mpira wake ukipasuka kwa uzee, au mipira ya kurudisha dizeli kwenye nozeli. Ni vitu vya bei ndogo. Nimeona watu wakiuziwa pampu nzima ya dizeli kwa hewa iliyoingilia kwenye mpira.

Kempa iliyokaa miezi bila kuwashwa ina kesi yake. Sili za pampu ya dizeli zinakauka na kuanza kuvuja dizeli. Pampu za familia hii ni za Denso, aina ya VE, na kuna seti ya sili inayouzwa kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha pampu yenyewe: 22100 ya Toyota, au ya Denso inayoanza na 096. Mpe fundi pampu namba hiyo, usimpe jina la gari.

MOSHI

Mweusi: dizeli nyingi kuliko hewa. Chujio la hewa, kisha nozeli, kisha mtu aliyefungua skrubu ya pampu kuongeza nguvu. Lakini kumbuka urefu wa nchi. Juu ya mita 2,000, kama pale Limuru, hewa imepungua kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na turbo yenye mzigo itatoa weusi kidogo. Hiyo si ya kununulia nozeli. Zikihitajika kweli, msimbo wa nozeli umegongwa kwenye mwili wake na huanza na DN.

Bluu: oili inaungua. Ikitoka kwa wingi unapowasha asubuhi kisha ikapungua, shuku sili za valvu, kazi ndogo. Ikitoka muda wote na ukiwa kwenye mzigo, pima mgandamizo kwa geji ya dizeli. Familia ya L iliyo nzima inasoma karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Kikomo cha chini ni 20, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya 5. Andika namba za silinda zote nne. Zikiwa chini zote kwa usawa, ni ringi na silinda zilizochoka. Moja ikiwa chini peke yake, ni valvu, gasketi au ufa, na huhitaji seti ya pistoni nne.

TAA YA T-BELT

Ikiwaka kwenye dashibodi, gari linakukumbusha mkanda wa taimingi. Kipindi chake ni kilomita 100,000. Kama taa haifanyi kazi na huna historia ya gari, uchukulie umefika. Mkanda ukikatika kwenye injini hizi pistoni hukutana na valvu, na hapo hutanunua mkanda tena bali silinda hedi. Nunua pamoja na puli ya kukazia, puli ya kuelekeza na sili za mbele. Hesabu meno ya mpya na ya zamani kabla ya kufunga. Bando na Mitsuboshi ni majina ya kuaminika ukikosa boksi la Toyota.

IMEKAA, IKAFANYA KAZI, IKAFA UPESI

Sababu mbili. Ya kwanza, kifaa kilikuwa feki. Boksi hughushiwa vizuri siku hizi, kwa hiyo acha boksi, tazama kifaa: namba imegongwa au imebandikwa, kingo za chuma zimesafishwa au zimeachwa na makali, uzito wake mkononi ukilinganisha na cha zamani. Nenda dukani na kile cha zamani, kichafu hivyo hivyo. Na usidharau kampuni zinazoitengenezea Toyota zikiuza kwa jina lao: Aisin kwa pampu za maji, Denso kwa plagi na altaneta, NPR kwa ringi, Taiho kwa bering. Bei ni nafuu, kifaa ni kile kile au ndugu yake wa karibu.

Ya pili, kifaa kilikuwa kizuri ila ugonjwa ulikuwa kwingine. Wota pampu mpya inayovuja tena ndani ya mwezi inaweza kuwa imeuawa na kutu ya maji ya bomba yaliyotiwa bila kulanti, au na mkanda uliokazwa kupita kiasi. Altaneta ya tatu mfululizo ikiungua kwenye kempa, tazama betri ya pili ya nyumba: kama imeunganishwa moja kwa moja na waya mnene, altaneta inalazimishwa kujaza betri mbili, moja ikiwa tupu kabisa, kila asubuhi. Funga rilei ya kutenganisha kwanza.

Kuhusu mtumba: bloku, krenki, sampu, manifoldi na vishikizo nunua bila wasiwasi, Sharjah na Japani zimejaa. Silinda hedi ya mtumba inunuliwe kwa sharti la kutiwa presha kabla pesa haijakabidhiwa. Mkanda, sili, gasketi, thermostati, wota pampu na plagi za hita za mtumba acha mezani.

ORODHA YA SPEA IMEZIDI BEI YA INJINI

Krenki imesagika, hedi imepasuka na pampu ya dizeli inavuja: jumlisha kabla ya kununua kimoja kimoja. Injini kamili ya mtumba ya 3L au 5L inaweza kuwa rahisi kuliko ovahoo ya 2L, na spea zake zitapatikana kwa miaka mingi zaidi kwa sababu Hilux na Hiace za 5L bado ziko kazini. Omba iwashwe mbele yako, au pima mgandamizo ikiwa imelala chini kwa stata na betri. Chukua na altaneta, pampu na nyaya zake. Kama giaboksi yako ilikuwa ya 2L, linganisha klachi na nyumba ya klachi kabla ya kulipa.

Ukishafunga, namba ya injini kwenye kadi si yako tena. Tanzania nenda TRA (mamlaka ya mapato) na risiti ya ununuzi na nyaraka za forodha za injini. Kenya ni NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na gari litakaguliwa. Fanya hivyo kabla ya safari ya kuvuka Namanga au Holili, maana afisa wa mpakani akiinua kiti atasoma bloku ile ile uliyoisafisha kwa brashi ya waya.